Wakili Kijana Masasi na Newala

Mazingira ya kazi

Mashauri yanayomsubiri wakili anayeanza kazi kusini mwa Tanzania huzunguka mambo matatu: shamba la mikorosho, mirathi na ndoa. Masasi iko chini ya uwanda wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe vinavyoonekana kutoka mbali. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma na ng'ambo ya Msumbiji. Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne, yaani mbili za mji na mbili za wilaya. Zina pia mahakama za mwanzo na za wilaya. Mahakama Kuu iko Mtwara, kilomita zipatazo 200 kutoka Masasi.

Umbali huo una maana kubwa kwa mwananchi. Rufaa humgharimu nauli, malazi na siku za palizi, na akishindwa hulipa na gharama za mwenzake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya sheria inayomfaa mtu wa huku hufanyika kabla ya mahakama: kwenye mkataba ulioandikwa vizuri, muhtasari wa kikao cha ukoo, au usuluhishi mbele ya wazee. Wakili kijana anayekaa ofisini akingoja kesi hupata kidogo. Anayejua vijiji, vyama vya msingi na viongozi wake hupata wateja, na mara nyingi huwapata wakati jambo bado linatengenezeka.

Kutoka shule hadi kiapo

Njia ya uwakili huanza kidato cha tano, kwa kawaida kwenye michepuo ya sanaa kama HGL, HKL au HGK. Masasi ina historia ndefu ya elimu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika mwaka 1876 wakiwa na watumwa walioachwa huru, na shule ya Chidya ilikua kutokana na kazi yao. Upande wa Ndanda, Wabenediktini walijenga abasia, hospitali na shule. Benjamin Mkapa, rais wa awamu ya tatu, alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na elimu yake ilianzia katika shule za huko.

Shahada ya sheria humwondoa kijana nyumbani. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikiwa kitivo cha kwanza cha chuo hicho. Leo sheria hufundishwa pia Mzumbe, Iringa, Mwanza, Chuo Kikuu Huria na kwingineko, kwa miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Wengi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mnufaika anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu Sheria ya mwaka 2007 iliyoanzisha Shule ya Sheria kwa Vitendo Tanzania, mhitimu hupitia shule hiyo kwa takriban mwaka mmoja. Husoma uandishi wa hati, mwenendo wa mashauri na maadili, kisha hupelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili kujifunza kazi. Chujio ni kali. Matokeo yaliyozua gumzo nchi nzima mwaka 2022 yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, 26 tu walifaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo chake, na mjadala uligusa shule yenyewe pamoja na ubora wa ufundishaji vyuoni.

Anayefaulu hupeleka maombi kwa Jaji Mkuu, huhojiwa, kisha huapishwa na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili akiwa na namba yake. Hapo huwa mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954. Kila mwaka hulipia leseni ya kufanya kazi na kuhudhuria mafunzo endelevu. Akikosea maadili, Kamati ya Mawakili inaweza kumsimamisha au kumfuta.

Milango ya ajira

Mhitimu anayerudi kusini ana milango kadhaa. Wa kwanza ni utumishi wa umma. Kila halmashauri ina kitengo cha sheria kinachopitia mikataba, kuandaa sheria ndogo na kuitetea halmashauri kwenye mashauri. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyotenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2018, huajiri waendesha mashtaka. Mahakama huajiri mahakimu wakazi kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa wasiofika chuo kikuu, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa mafunzo ya ngazi ya cheti na stashahada.

Mlango wa pili ni kazi ya kujitegemea. Wakili mchanga huanza chini ya wakili mwandamizi, akipewa mashauri madogo, maombi ya kuongezewa muda na hati za viapo. Mapato yake ya kwanza ya uhakika hutokana na muhuri wa kamishna wa viapo: kuthibitisha nakala za vyeti, viapo vya majina na mikataba ya mauziano. Ni kazi ya fedha kidogo kidogo, lakini humkutanisha na watu wa kila namna, na mwenye shida ya kweli hurudi.

Mapato haya hufuata msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au zaidi, na huo ndio wakati mkulima ana fedha ya kulipa ada ya uwakili. Kuanzia Februari hadi Agosti wakili mwenye busara hukubali malipo kwa awamu. Anayedai fedha yote mkononi huwaacha wateja kwa vishoka, watu wasio na sifa wanaoandika hati mbovu karibu na mahakama na kutoweka shauri linapoharibika.

Tangu zamani mawakili hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, ambako mwananchi hujitetea mwenyewe kwa Kiswahili. Miaka ya karibuni sheria imelegezwa, na wakili anaweza kuingia katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki. Kijana aliyesoma kwa Kiingereza miaka yote ya chuo sasa hulazimika kuandika hati ya madai kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa wilaya hizi, ambako wazee wengi hufikiri kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, hiyo ni stadi ya kumtafutia mkate.

Shamba la mikorosho

Mkorosho huishi miongo mingi, kwa hiyo mwenye kuupanda hujiona mwenye ardhi. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mtu huazimwa shamba alime muhogo, akapanda mikorosho kimyakimya, na baada ya miaka ishirini watoto wa pande zote mbili hudai urithi. Mwingine huweka mikorosho rehani kwa deni la matibabu, mkopeshaji huvuna mwaka hadi mwaka, na hakuna anayekumbuka deni lilikuwa kiasi gani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Mauziano yasiyopitishwa na halmashauri ya kijiji huwa na kasoro inayoweza kuyabatilisha. Sheria hiyohiyo inatamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu.

Mkataba mzuri wa kuuza shamba katika eneo hili una mambo yasiyokosekana. Hutaja majirani wa pande zote nne kwa majina, njia na mabonde yanayopakana, idadi ya mikorosho na hali yake, mikongwe ikitenganishwa na ile michanga. Huandika bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa na kilichobaki, na mazao ya msimu uliopo ni ya nani. Mwenza wa muuzaji hutia saini ya ridhaa. Mashahidi hutoka pande zote mbili, na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji wenye muhuri huambatanishwa. Mkataba wa kurasa mbili wa namna hii huokoa miaka ya kesi.

Ugomvi ukitokea, huanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena mashauri ya ardhi, bali husuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili hukumbuka pia ukomo: madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12, na aliyenyamaza kupita hapo huwa amejifungia mlango.

Biashara ya korosho yenyewe huleta kazi nyingine. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, AMCOS, na mzigo huhifadhiwa ghalani na kuuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani chini ya Sheria ya mwaka 2005. Vyama vya Masasi viko chini ya chama kikuu cha MAMCU, na vya Newala na Tandahimba chini ya TANECU. Malalamiko huhusu makato yasiyoeleweka, mizani na malipo yaliyochelewa. Migogoro ya wanachama na chama ina ngazi zake kupitia mrajis wa vyama vya ushirika, na wakili anayekimbilia mahakamani kabla ya kuzipitia hurudishwa.

Kando ya mfumo huo kuna kangomba. Mfanyabiashara humpa mkulima fedha miezi ya njaa, na msimu ukifika huchukua korosho kwa bei ya chini mno. Serikali imeipiga marufuku. Novemba 2018, baada ya wanunuzi kusita kwa sababu ya bei, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likahusishwa kuzikusanya. Malipo yalitanguliwa na uhakiki: mwenye mzigo mkubwa alitakiwa aonyeshe shamba lake. Zoezi hilo lilionyesha thamani ya karatasi. Mkulima ambaye mipaka yake ilijulikana kijijini na ilikuwa na maandishi alikuwa na la kuonyesha, na aliyetegemea neno la mdomo alibaki akitafuta mashahidi.

Mirathi na ukoo

Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Kwa desturi ya zamani mali ya mwanamume iliwaendea watoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Uislamu, Ukristo na mikorosho vimesogeza mambo: mtoto aliyepalilia shamba pamoja na baba yake hakubali kulikabidhi kwa binamu. Mzee akifariki, kikao cha ukoo hugawanyika kati ya wajomba na watoto.

Sheria haina jibu moja. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, hivyo halizifungi jamii hizi. Marehemu Mwislamu aliyeishi kwa dini yake hurithiwa kwa sharia: mjane akiwa na watoto hupata thumni, na binti hupata nusu ya fungu la mwana wa kiume. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake yalijitenga na mila anaweza kuangukia Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na ukoloni, inayompa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Mahakama hutazama marehemu aliishije. Wakili huuliza mapema: alifunga ndoa wapi, alizikwa vipi, aliacha wosia, aliwahi kugawa mali akiwa hai?

Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa mahakama ya mwanzo. Mleta maombi huja na cheti cha kifo na, kwa mazoea, muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza. Akiteuliwa hupewa Fomu Namba IV, na ndani ya miezi minne hutakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba V, kisha hesabu ya mgawanyo katika Fomu Namba VI. Hapo ndipo wengi hukwama. Msimamizi huidhani fomu ya uteuzi kuwa hati ya umiliki, akauza shamba, na majalada hubaki wazi miaka. Wakili anayeueleza ukoo mbele ya wote kwamba msimamizi ni mkusanyaji na mgawaji tu, wala si mrithi wa kila kitu, amekwishafanya nusu ya kazi.

Ndoa, talaka na binti wa shule

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka mgogoro wa ndoa upite kwanza baraza la usuluhishi, liwe la kata au la dini, na mdai aende mahakamani na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakiheshimika kama mume na mke huchukuliwa kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo, na mwanamke huweza kudai haki zake kwa msingi huo.

Mgawanyo wa mali hufuata mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali. Kwa mke aliyepika, aliyelea na kuokota korosho misimu kumi bila jina lake kuandikwa popote, hukumu hiyo ni silaha. Wakili hujenga ushahidi wake kwa majirani, kwa kadi ya AMCOS na kwa tarehe za kupanda mikorosho zikilinganishwa na tarehe ya ndoa.

Kuhusu umri, sheria hiyo iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivipinga vifungu hivyo mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa rufaa ya Serikali. Gyumi alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Masasi na Newala jambo hili hukutana na unyago. Makungwi na nyakanga wana heshima ambayo hakimu hana, na kuishambulia ngoma yenyewe hufunga masikio ya wazazi. Kinachowezekana ni mazungumzo ya mambo mahususi: tarehe ziangukie likizo za Juni na Desemba, umri wa wali usiwe mdogo, mafundisho yasimpe binti ruhusa ya kuolewa, na ada isimfilisi mzazi. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na mwanasheria aliyeshirikishwa mapema huandika zile ambazo kijiji kitazifuata.

Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hawa ni wanakijiji waliopewa mafunzo. Huelimisha, huelekeza mtu ofisi sahihi na husaidia usuluhishi, bila kutoza malipo na bila kumwakilisha mtu mahakamani. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imetuma wanasheria mikoani kusikiliza watu katika kata na vijiji. Kabla ya hapo kazi hiyo ilibebwa na asasi kama TAWLA, LHRC na WLAC, zilizoanza kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990.

Kwa wakili kijana, msaidizi wa kisheria ni jicho lake kijijini. Humletea shauri likiwa na majina kamili, tarehe na nakala za karatasi, naye humrudishia maelezo ya hatua inayofuata. Wiki ya Sheria, inayoadhimishwa kila mwaka mwishoni mwa Januari, humpa nafasi ya kutoa ushauri bure sokoni, shuleni na stendi. Katika kesi za mauaji, Mahakama humpangia mshtakiwa asiye na uwezo wakili anayelipwa na Serikali. Malipo ni madogo, lakini kijana hujifunza kumhoji shahidi mbele ya jaji, jambo ambalo mashauri ya madai madogo hayamfundishi.

Ushiriki katika jamii na mipaka yake

Wakili anayejulikana huombwa mengi: kuandika katiba ya kikundi cha vikoba, kukaa kwenye bodi ya shule, kuwa mlezi wa timu, kushauri msikiti au parokia. Kazi hizi humjengea jina kwa njia halali, kwa kuwa maadili humzuia kujitangaza kama mwenye duka. Zina hatari zake pia. Aliyewasuluhisha ndugu wawili hawezi kumtetea mmoja wao shauri likifika mahakamani. Anayeishauri AMCOS hawezi kupokea kesi ya mwanachama dhidi yake. Siri ya mteja haisimuliwi msibani wala barazani, hata kama mji mzima unajua nusu ya habari. Njia salama ni kusema tangu kikao cha kwanza amekuja kwa nafasi gani, na kuandika daftarini nani alimwona na kwa jambo gani.

Kuna pia siasa. Wakili mwenye watu hushawishiwa kugombea udiwani au ubunge, na hakuna sheria inayomzuia. Akiingia, mteja wa chama kingine huanza kumtilia shaka, na hupaswa kupima hilo kabla ya kuchukua fomu.

Ngazi ya juu hupandwa taratibu. Miaka ya mwanzo ni ya kujifunza chini ya mwandamizi. Inayofuata humpa ofisi yake, labda na wakili mdogo wa kumfundisha naye. Katiba ya nchi hutaka miaka isiyopungua kumi ya sifa ya kitaaluma kabla mtu hajateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Wachache hufika huko. Wengi hubaki na muhuri, mikataba ya mashamba na majalada ya mirathi, na kipimo chao ni idadi ya mikataba waliyoiandika ambayo haikurudi kuwa kesi.